Saa ya kale imesimama na spea haipatikani: kutoka dalili hadi kipuri

Anayetafuta spea ya saa ya kale karibu kila mara huanza na jina lililoandikwa usoni, na hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea. Jina la usoni ni la aliyeiuza saa. Mashine iliyo ndani, hasa kwa saa za Uswisi za karne ya 20, mara nyingi ilitoka kiwanda kingine kabisa: A. Schild, Fontainemelon, Unitas, Peseux, Valjoux na wenzao, ambao waliwauzia mashine zilezile wenye majina wengi mno. Saa mbili za majina tofauti, moja ya dhahabu na nyingine ya chuma cheupe, zinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Ukishajua kilichoharibika, kwenye mashine ipi na kwa vipimo gani, kutafuta huwa kazi ya jioni moja. Usipojua, utanunua mara tatu. Mimi nimewahi kununua mara tatu, na kisa chenyewe nitakieleza chini.

Jambo moja kabla ya bisibisi kugusa chochote: legeza kamani, springi kuu inayoendesha saa. Shika kichwa cha ufunguo kwa vidole, sukuma kizuizi (kipande kinachozuia kamani isirudi nyuma) kando kwa ncha ya kibano, kisha uache kichwa kizunguke polepole chini ya vidole mpaka nguvu iishe. Ukichomoa uma, kipande kinachoyashika magurudumu yasikimbie, huku kamani imejaa, magurudumu yatafyatuka kwa kasi, na ncha iliyokuwa nzima asubuhi itakuwa kwenye orodha yako ya spea jioni.

"Nimetafuta kwa jina, sipati kitu"

Unatafuta jina lisilo lake, au namba isiyo yake. Fungua kifuniko cha nyuma, weka lenzi ya mara 10 jichoni, utazame kwenye bamba chini ya gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi. Hapo viwanda vingi vya Uswisi viligonga alama yao na namba ya kaliba, yaani aina ya mashine: AS (A. Schild) na tarakimu kadhaa, au FHF (Fontainemelon), ETA, Unitas. Ni ndogo sana. Inulia saa kwenye mwanga wa ubavuni, maana mwanga wa moja kwa moja huifuta alama. Kama haipo hapo, huenda iko upande wa pili, chini ya uso wa saa.

Kuna maandishi yanayowadanganya watu kila siku. Herufi A na R karibu na mkono wa kurekebisha mwendo si kiwanda. Ni maneno ya Kifaransa ya kuharakisha na kuchelewesha, na kwa saa zilizolenga wasomaji wa Kiingereza utaona F na S. Herufi tatu peke yake kwenye daraja la mizani, kipande kinachoishika mizani kwa juu, katika saa za Uswisi zilizopelekwa Marekani, ni msimbo wa mwagizaji. Namba ndefu ndani ya kifuniko ni ya kasha.

Hiyo ya kasha ndiyo mbaya kuliko zote kwa saa za mfukoni za Marekani. Waltham, Elgin, Hamilton na Illinois walitengeneza mashine. Makasha kwa kawaida yalitoka kwa kampuni nyingine, na mara nyingi mnunuzi alichagua kasha dukani na mashine ikavikwa palepale. Kwa hiyo namba ya kasha haijui lolote kuhusu mashine. Namba unayoitaka ni ile iliyochongwa kwenye mashine yenyewe. Kutokana nayo hupatikana daraja la ubora, ukubwa na takriban mwaka.

Ukubwa nao una lugha mbili. Wamarekani walipima kwa saizi, kila saizi moja ikiongeza sehemu ya 30 ya inchi: saizi 12 ni milimita 39.8, saizi 16 ni 43.2, saizi 18 ni 44.9. Waswisi walipima kwa laini, na laini moja ni milimita 2.256, hivyo mashine ya laini 10½ ina kipenyo cha kama milimita 23.7. Pima mashine pale inapoingia kwenye kasha. Ukingo uliotokeza nje utakupa namba kubwa kuliko ya kweli.

Na kama hakuna alama hata moja? Ng'oa mishale na uso, utazame utaratibu wa ufunguo: wenzo wa kubadilishia, mwenzake unaosukuma gia, na springi bapa inayovifunika. Umbo la springi hiyo ni kama alama ya kidole. Hakuna haja ya wawili kufanana, kwa sababu kila mchoraji wa mashine aliikunja alivyotaka kulingana na nafasi aliyokuwa nayo. Ndiyo maana katalogi za zamani za vipuri zilichora vipande hivyo vitatu kwa ukubwa wake halisi: fundi aliweka chuma chake juu ya mchoro na kulinganisha. Piga picha ya wima upande huo, rula ikiwa pembeni. Picha moja ya namna hiyo ina thamani kuliko picha kumi za uso wa saa unaong'aa.

(Wakati mwingine undugu huvuka bahari. Mwaka 1930 mitambo ya kiwanda cha Dueber-Hampden cha Canton, Ohio, iliuzwa kwa Umoja wa Kisovieti na kuhamishiwa Moscow. Ukifungua saa kubwa ya mfukoni ya Kirusi ya miaka ile ukakuta inafanana na ya Kimarekani ya saizi 16, macho yako hayakudanganyi.)

Ufunguo unazunguka bila mwisho, au unakaza kisha unarudi nyuma

Kama kichwa kinazunguka na hakikazi kamwe, kamani imekatika au ndoano yake imeachia ukuta wa pipa, kikopo kinachoibeba. Saa inayojikaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono iondoe kwenye hukumu hii, maana kamani yake imeundwa iteleze ikijaa. Kama kichwa kinakaza kisha kinarudi mkononi kwa "krrr", kamani ni nzima. Kizuizi au springi yake ndogo ndiyo imekufa. Springi ya kizuizi ni uzi wa chuma tu, na fundi mwenye subira huikunja mwenyewe. Usimnunulie mtu mashine nzima kwa ajili yake.

Onyo la papo hapo: ukitoa gurudumu la taji ili ufike kwenye kizuizi, skrubu yake kwenye mashine nyingi ina uzi wa kushoto. Wakati mwingine imewekewa mistari miwili pembeni mwa mfereji kama alama, wakati mwingine haina kitu. Ikikataa kufunguka, jaribu upande wa pili kwanza. Kichwa cha skrubu kikikatika ndani, umejitengenezea msako wa pili, na skrubu za saa za kale hazina kipimo cha pamoja.

Kamani ndiyo spea rahisi kuipata kuliko zote, kwa kuwa hununuliwa kwa vipimo na si kwa jina. Vipimo ni vinne: upana, unene, urefu, na kipenyo cha ndani cha pipa. Upana upime kwenye kipande chochote kilichobaki. Unene upime kwa maikromita, na hapo usikadirie hata kidogo, kwa sababu nguvu ya kamani hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kutoka 0.11 kwenda 0.12 ni tofauti ambayo jicho haliioni, lakini nguvu huongezeka kwa karibu asilimia 30. Saa itaanza kukimbia kama farasi: mizani inazunguka kupita kiasi, inagonga nyuma ya uma, na mwendo unaruka dakika kwa dakika.

Urefu ukiwa umepotea, pipa lenyewe litakuambia. Kamani inatakiwa kujaza nusu ya eneo lililobaki baada ya kutoa kitovu cha katikati. Chukua kipenyo cha pipa kilichozidishwa kwa chenyewe, toa kipenyo cha kitovu kilichozidishwa kwa chenyewe, zidisha kwa 0.393, gawa kwa unene. Pipa la milimita 10, kitovu cha 3.3, kamani ya 0.12: jibu ni kama milimita 292. Ukipata ya 300 hakuna atakayelalamika. Ukiweka ya 380 kwa tamaa ya kuongeza muda, itajaza pipa lenyewe, haitakuwa na pa kufungukia, na saa itatembea muda mfupi zaidi.

Tazama pia mwisho wa nje wa kamani: tundu, ndoano, umbo la T au ulimi. Pipa linakubali aina moja tu. Na kamani za chuma cha buluu zilizokaa kwenye pakiti zaidi ya nusu karne, hata kama hazijaguswa, mimi siziamini tena. Nikipata ya aloi nyeupe yenye vipimo vilevile naichukua hiyo.

Inatembea ikilala chali, inasimama ikigeuzwa

Hii ndiyo dalili inayopeleka watu wengi sokoni kununua kitu sahihi na kukiua ndani ya wiki.

Chanzo cha kawaida ni ncha ya mhimili wa mizani. Ncha hizo zina unene wa kama milimita 0.10, karibu na unywele mnene wa kichwani, na saa ikianguka ndizo zinazopokea kishindo. Saa za kale zisizo na kinga ya mshtuko hazina huruma hapo. Toa daraja la mizani, weka gurudumu chini ya lenzi ya mara 20. Ncha nzima ni silinda iliyong'arishwa yenye mwisho wa mviringo. Iliyochoka huwa bapa kama msumari uliogongwa, au ina shingo nyembamba katikati. Iliyovunjika haihitaji maelezo.

Sasa simama. Kabla hujaagiza mhimili, tazama kito ambamo ncha ilikuwa ikizunguka. Kipitishie mwanga kutoka chini. Ukiona mstari mwembamba unaokatiza kutoka tundu hadi ukingoni, kito kimepasuka, na mpasuko huo ni msumeno. Mhimili mpya utakaouweka utakwanguliwa mpaka saa isimame tena, nawe utamlaumu muuzaji. Agiza vyote viwili pamoja. Vito vya kushindiliwa huuzwa kwa kipenyo cha nje na kipenyo cha tundu. Vile vya zamani zaidi, vilivyofunikwa na ukingo wa shaba uliokunjwa juu yake, ni kazi nyingine, na mara nyingi tundu la bamba lazima lipanuliwe ili lipokee kito cha kushindiliwa.

Mhimili una namba. Viwanda vya mashine vya Uswisi vilitumia mfumo mmoja wa kuhesabu vipuri, na kuujua kunakuokoa na lugha: 401 ni kijiti cha ufunguo, 425 kizuizi, 443 wenzo wa kubadilishia, 445 springi yake, 705 gurudumu la kuachia, 710 uma, 721 mizani kamili pamoja na springi ya unywele (ile nyembamba ya mizunguko inayoirudisha mizani), 723 mhimili wa mizani, 770 kamani. Andika kaliba na namba, na muuzaji wa nchi yoyote atakuelewa. Lakini ongeza neno moja: yenye kinga ya mshtuko au isiyo nayo? Kaliba moja inaweza kuwa ilitoka kwa namna zote mbili, na mihimili yake haiingiliani. Ukiona springi ya dhahabu yenye umbo la kinubi juu ya kito cha mizani, hiyo ni Incabloc, taja hivyo.

Katika kuutoa mhimili uliokufa, usiugonge utoke. Ukereze kwenye kerezo mpaka ukingo uliogongomelewa uishe, ndipo usukume. Ukiugonga, tundu la gurudumu hupanuka, na badala ya mhimili sasa unatafuta mizani nzima.

Inakwenda mbio, dakika nyingi kwa siku

Funga pochi. Hapa mara nyingi hakuna spea ya kununua. Springi ya unywele imeshika sumaku au imeguswa na mafuta, mizunguko yake inagandana, na springi iliyofupika huharakisha saa. Weka dira ndogo juu ya mashine inayotembea. Sindano ikicheza, ondoa sumaku kwanza. Kama ni mafuta, osha. Springi ya unywele yenye kutu au iliyokunjwa kama uzi wa mtoto ndiyo pekee inayohitaji mbadala, na hapo nunua 721 nzima, kwa sababu springi na gurudumu vililinganishwa pamoja.

Kichwa cha ufunguo kinatoka na kubaki mkononi

Kwenye saa ya Uswisi, kijiti kinashikwa na wenzo ndani ya mashine: skrubu imelegea, wenzo umelika, au kijiti kimekatika kwenye mfereji. Kijiti hupatikana kwa kaliba. Kwenye saa nyingi za mfukoni za Marekani kijiti ni mali ya kasha, kimeshikwa na mkono wa chuma (neli fupi kama mkono wa shati) uliofungwa ndani ya shingo, na vidole vyake vinapanuka na kubana. Vidole hivyo vikivunjika, unatafuta mkono wa chuma wa kasha. Ukiagiza kijiti kwa namba ya mashine utapata kitu kizuri kisichohusika.

Kipuri kimefika na hakiingii

Kisa changu ni hiki. Saa ya mfukoni ya saizi 16, mhimili umevunjika ncha ya chini. Niliagiza kwa jina na daraja la ubora. Ulikuja, na kiti cha sahani ndogo inayobeba kito cha kusukuma uma kilikuwa kinene; sahani haikuingia. Nikaagiza wa pili kwa kulinganisha urefu wote kutoka kwenye picha. Urefu ulikuwa sawa kabisa, ila ncha zilikuwa nene kuliko matundu ya vito. Ndipo nikafanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza: nikaupima ule uliovunjika sehemu kwa sehemu. Kumbe daraja lile lilibadilishiwa mhimili zaidi ya mara moja katika miaka ya kutengenezwa kwake, na namba ya mashine ndiyo inayosema upi ni wake. Ule wa tatu uliingia kwa mkupuo mmoja. Miwili ya kwanza bado iko kwenye droo yangu, inanitazama.

Kwa mhimili, pima urefu wote, ncha mbili, kiti cha gurudumu, kiti cha sahani na kiti cha springi ya unywele. Usitupe kilichovunjika hata kama kimebaki nusu, maana nusu hiyo ndiyo ushahidi wako.

Sababu nyingine za kutoingia: gia ya mshale wa dakika na gurudumu la saa hutoka kwa vimo tofauti ndani ya kaliba moja, kulingana na unene wa uso. Pakiti za zamani nazo zimefunguliwa na kufungwa na mikono mingi. Namba juu ya karatasi inaweza kuwa kweli na kilichomo kikawa cha jirani. Na mashine inayoendelea kutengenezwa si lazima iwe ileile. Unitas 6497 ya zamani inapiga mapigo 18,000 kwa saa. 6497-2, toleo lake la baadaye, inapiga 21,600. Magurudumu makubwa yanafanana machoni, lakini ukichanganya mizani ya moja na uma wa nyingine umenunua ugomvi.

Hakuna aliye nacho popote

Inabaki kuchinja. Tafuta mashine mbovu ya kaliba hiyohiyo, bila kasha, kwa sababu kasha ndilo linalopandisha bei. Tatizo ni kwamba mashine ya kuchinja kwa kawaida ilikufa kwa ugonjwa uleule wa yako. Kama kaliba ina springi ya wenzo dhaifu, kila maiti utakayoikuta imevunjika springi ya wenzo, mkono uleule, mahali palepale. Kwa hiyo usimwulize muuzaji kama "ni nzima". Omba picha ya upande ule wenye kipuri chako, au video fupi ya mizani ikizunguka. Saa iliyoharibika uso kwa maji, iliyopoteza mishale, au yenye kasha lililopondeka huwa na moyo mzima kuliko ile safi inayodaiwa kwamba "ilikuwa inatembea".

Mashine za Kichina zilizotokana na za Uswisi zinasaidia mara chache kuliko inavyosemwa. ST19 ilizaliwa kutoka mitambo ya Venus 175, lakini imekua kivyake. Pima kila kipuri kabla ya kukiamini.

Saa za kabla ya zama za vipuri vya kubadilishana hazina sokoni pa kwenda. Ya Kiingereza yenye mnyororo mdogo unaojizungusha kwenye koni, kila kipande kilitiwa tupa ili kifae mashine ile moja. Gurudumu la mwenzake halitaingia hata kama mkono uliotengeneza ni uleule. Hapo unatafuta fundi mwenye kerezo na mashine ya kukata meno, na unampelekea kipande cha zamani pamoja na vile viwili kinavyoumana navyo. Kwa upande mwingine, saa za bei ya chini za uma wenye pini za chuma badala ya vito, ukoo wa Roskopf ulioanza 1867, naziambia ukweli: ncha zikiwa zimelika na matundu ya bamba yamekuwa mayai, kipuri kimoja hakitaifufua.

Mishale na nyuso za kubadilisha

Mishale hununuliwa kwa tundu, katika sehemu za 100 za milimita, na urefu hukatwa baadaye. Uso hushikwa kwa miguu miwili nyuma, na nafasi ya miguu ni ya kaliba. Tahadhari ni moja, nayo si ya kubana matumizi: rangi ya kung'aa gizani iliyotumika mpaka miaka ya 1960 mara nyingi ni ya radiamu. Imeacha kung'aa kwa sababu kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga imechoka. Radiamu yenyewe inapungua kwa nusu kila miaka 1,600. Ukinunua fungu la mishale ya zamani yenye unga wa kahawia unaopukutika, usiukwangue, usiupulize, usile mezani hapo. Iweke kwenye mfuko unaofungika, futa meza kwa kitambaa chenye maji, na utafute mishale isiyopakwa kitu.